Damu Imemkataa Mtani

Lizaboni, Songea
Jumapili, 9 Juni 2024

Mdogo wangu Beda,

Usishtuke kuona bahasha. Ningepiga simu, lakini wewe kwenye simu unajua kusema "ndiyo dada, ndiyo dada", halafu mtandao unakatika pale pale ninapouliza jambo la maana. Tena mama nimemleta kwangu tangu tumzike Aidani. Hatoki sebuleni, na masikio yake unayajua. Barua hii nampa konda wa basi la Tunduru akufikishie shuleni. Ukishaisoma, jibu. Usiniletee "salamu zimefika".

Nataka tuongee habari ya Muhsini.

Beda, damu yangu imemkataa mtu huyu. Najua ni rafiki yako, na ndiye aliyekupokea ulipopangiwa kufundisha Nakapanya. Najua ni Myao, na Wayao na sisi Wangoni ni watani. Babu zetu walifukuzana na mikuki, mwisho yakabaki matusi ya kuchekesha. Utani wake sijawahi kuuchukia. Mara ngapi kaja nyumbani Mshangano akamwita mama "mke wangu mzee", akanyakua kuku bandani akaondoka naye, na mama akacheka mpaka machozi? Lakini msibani, Beda! Msibani alifanya nini?

Mdogo wetu katoka hapa mzima kuja kuwatembelea. Kwako mna wageni, akalala kwa Muhsini. Anarudi ndani ya jeneza. Mnasema tumbo. Jeneza limepigiliwa misumari. Mama anataka kuuona uso wa kitinda mimba wake, amuage kama watu wanavyoagwa. Muhsini anapanda juu ya jeneza, anakaa, miguu inaning'inia, anasema, "Halifunguliwi mpaka nipewe jogoo." Akapewa. "Huyu amekonda kama ninyi wenyewe, leteni mwingine." Akaletewa mwingine. Sasa anataka pombe, mtu ambaye hajawahi kuionja! Watu wanacheka tu, mpaka padre akasema muda umekwisha, twendeni makaburini. Tumemzika Aidani bila kumwona.

Na kaburini ndipo nilipokufa ganzi. Alipaza sauti, "Msimsingizie Mungu! Mimi ndiye niliyemuua huyu, alikuwa anamaliza ugali wangu!" Watu wakacheka, hata baba mdogo Leodegari alicheka. Mimi tumbo likanikata. Nilimtazama. Mtani akitania, macho yanacheka kabla ya mdomo. Yake yalikuwa yamekufa.

Mtani hakasirikiwi, ndiyo mila, nami nilinyamaza kwa sababu ya mila. Sasa siwezi tena. Tarehe sita mwezi ujao ni arobaini, ukoo utakaa, na mimi nitasimama nimtaje Muhsini mbele ya wote. Kabla sijafanya hivyo niambie wewe: nini kilitokea nyumbani kwake?

Dada yako,
Justa


Nakapanya, Tunduru
13 Juni 2024

Dada Justa, shikamoo.

Barua imefika. Konda aliileta mpaka mlangoni mwa darasa, watoto wakasimama wote wakidhani ni mkaguzi. Violet anakusalimu sana, anasema usisahau kumfunika mama miguu, baridi ya huko haina adabu.

Dada, pole. Uchungu wa msiba hutafuta mtu wa kumkalia, na wewe umempata Muhsini. Lakini "damu imemkataa" si ushahidi. Hiyo damu yako tunaifahamu. Ilimkataa nani mara ya mwisho? Ilimkataa Violet, mke wangu. Siku nilipomleta nyumbani ulisema nyuma ya mlango, kwa sauti ambayo hata majirani waliisikia, "Huyu ana jicho la mtu mwongo." Kumbe jicho lenyewe liliingia vumbi la barabarani. Leo ukipika kande unampigia yeye kabla yangu.

Moyo una haraka, dada. Unaona mtu usiyempenda, unatoa hukumu, halafu ndipo unaanza kutafuta kosa. Mimi darasani sikubali mtoto aniambie "mwalimu, nahisi ni Abuu aliyevunja dirisha". Namuuliza, ulimwona? Na wewe nakuuliza hivyo hivyo. Ulimwona Muhsini akifanya nini, zaidi ya utani?

Aidani alishikwa na tumbo, tukamkimbiza, hatukuwahi. Jeneza halikufunguliwa kwa sababu ya joto la safari. Basi. Tafadhali usiseme neno siku ya arobaini. Mfikirie mama.

Mdogo wako,
Beda


Lizaboni
17 Juni 2024

Mwalimu Beda,

Ahsante kwa somo la vumbi. Violet nilimwomba radhi, akanisamehe, kwa hiyo wewe usinitumie kesi ambayo wenyewe tumeshaifunga.

Umeandika ukurasa mzima kuhusu moyo wangu, na kuhusu kifo cha ndugu yetu umeandika mistari miwili. Nimeisoma hiyo miwili mpaka karatasi imelegea. Siku ya mazishi ulimwambia mama kwamba daktari amekataza jeneza lisifunguliwe. Leo unaniambia ni joto. Joto lipi, Beda? Mlishuka kwenye gari mmejigubika mablanketi, wewe mwenyewe meno yanagongana! Na Muhsini yeye sababu yake ilikuwa jogoo. Jeneza moja, sababu tatu.

Unasema moyo una haraka. Sawa. Unamkumbuka Calvin wangu alipokuwa mchanga? Hospitali walimpima, wakasema malaria, mama nenda nyumbani ukampe dawa. Nikakataa kutoka. Wakaniuliza kwa nini, sikuwa na jibu. Nilikuwa na tumbo linalonikata, basi. Nikakaa chini pale mlangoni nikawaambia nifungeni kama mnataka. Ikaja kuonekana ni homa ya uti wa mgongo. Mtoto yuko hai, sasa hivi yuko uani anapiga mpira kwenye shuka zangu nilizoanika, kwa sababu mama yake hakusubiri ushahidi. Na tumbo lililonikata kaburini ni lile lile, Beda. Silisahau.

Kwa kuwa wewe hujibu, nimemwandikia Muhsini mwenyewe. Nimemuuliza bila kupinda: ulimuua ndugu yangu?

Justa


Nakapanya
20 Juni 2024

Kwa mtumwa wangu Justa, Mngoni unayejiita fundi cherehani na kifungo kinakushinda,

Salamu hupati. Salamu ni za watu.

Unauliza kama nimemuua Aidani. Nimemuua. Nilimpikia ugali wa muhogo, akasema wa mahindi ni mtamu zaidi. Sasa mtu kama huyo unamwachaje hai? Njooni na pingu, na mkija mniletee maharage ya huko, ya huku hayaivi. Yule mke wangu mzee mwambieni asijipambe kwanza, nitakuja kumchukua nikipata nauli.

Unasema macho yangu yalikuwa yamekufa. Wewe ulikuwa unayatazama ya nini? Mumeo anajua?

Haya, sasa nisikilize kidogo halafu tuendelee kutukanana. Mtu aliyefiwa akikosa wa kumchukia anaugua. Mimi mgongo wangu mpana. Kama ni lazima awepo mtu, niwe mimi, natosha. Ila usimchukie mwingine yeyote, hata marehemu. Nimechoka kuandika, mkono huu umezoea magunia ya korosho, si kalamu.

Bwana wako,
Muhsini


Lizaboni
28 Juni 2024

Beda,

Amekiri. Kwa mwandiko wake. Unaweza kusema ni utani mpaka kesho, lakini soma mwenyewe mwisho wa barua yake, nimekunakilia hapa chini. "Kama ni lazima awepo mtu, niwe mimi, natosha." Hiyo ni sentensi ya mtani?

Nilimpelekea baba mdogo Leodegari. Aliisoma mara moja akavua miwani. Akawaita wanawe, Egidi na wenzake, akawasomea kwa sauti.

Juzi Muhsini alishuka stendi hapa Songea. Alileta mchele wa arobaini, gunia zima, na hakumwambia mtu. Sijui nani aliwapigia wale vijana. Walipomfikia akaanza mambo yake, "Watumwa wangu mmekuja kunibebea mzigo?" Hawakucheka. Wamemvunja mkono wa kulia, Beda, na jicho limeziba. Dereva wa bodaboda ndiye aliyemwahisha hospitali. Niliwaambia nataka kisheria, sikuwaambia wapige mtu! Lakini nisikudanganye, nilipopata habari, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa kama kushiba.

Wanasema hakurudisha hata kofi. Hakusema "sikuua", hakusema kitu. Asiye na hatia angepiga kelele stendi nzima isikie. Si ndivyo?

Baba mdogo amefika polisi kuuliza. Ameambiwa kama ukoo una shaka, uandike maelezo, na inawezekana kaburi likafukuliwa mwili upimwe. Kikao cha arobaini ndicho kitakachoamua. Mama hajaambiwa habari ya kufukua. Anajua tu kwamba kuna maneno juu ya Muhsini, na tangu jana amekataa mtu yeyote kumtaja.

Nilidhani nikishalisema hili tumbo litatulia. Halijatulia. Kama una neno, liseme sasa.

Justa


Nakapanya
2 Julai 2024

Dada yangu Justa, shikamoo.

Kaa chini. Mama asiwe karibu.

Aidani alijiua.

Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi nikaichana. Alijiua mwenyewe, nyumbani kwa Muhsini, Muhsini akiwa msikitini. Aliporudi ndiye aliyemkuta. Sitakueleza alivyomkuta. Kama jeneza lingefunguliwa usingehitaji kuelezwa, wala mama asingehitaji.

Hakuacha neno lolote. Sijui kwa nini, dada, na usiniulize kama najua, maana kitu kimoja ndicho ninachokijua na hicho kinanitosha. Jioni ile alikuja kwangu akasema, "Kaka, nina jambo." Nyumba imejaa wageni, Violet anahangaika na vyombo. Nikamwambia, "Nenda ukalale kwa Muhsini, tutaongea kesho." Akacheka, akaenda.

Wazo la kuficha lilikuwa langu. Nilimfikiria mama, mtu wa jumuiya, wa rozari kila siku, aambiwe kitinda mimba wake kajitoa mwenyewe. Niliwaza watu wakinong'ona kanisani. Sikufikiri zaidi ya hapo. Moyo uliniambia mfiche mama, ukaniambia kwa nguvu kiasi kwamba sikuona hata haja ya kujiuliza. Mimi niliyekuandikia kwamba moyo una haraka! Muhsini ndiye aliyesema mtapitaje kwenye kuaga. Halafu akajibu mwenyewe: "Mimi ni mtani. Nikikaa juu ya jeneza nani ataniondoa?" Na yale maneno ya kaburini aliyasema kwa sababu alimsikia shangazi mmoja akinong'ona, mtoto huyu si bure. Akaona bora wacheke kuliko wafikiri. Macho yake uliyaona sawa, dada. Alikuwa amembeba mdogo wetu mikononi mwake.

Amesharudi huku, nimekwenda kumwona. Mkono umefungwa plasta. Nikamwambia nitasema ukweli. Akanikatalia. Anasema mama akimchukia yeye atalala usingizi, akijua haya hatalala tena. Anasema akiitwa polisi ataona huko huko.

Sasa nakuomba, na najua ninachoomba ni kibaya. Mimi arobaini sitaweza kuja, siwezi kumtazama mama. Siku ya kikao waambie tu umesamehe. Sema yaishe, kaburi lisiguswe. Wamchukie Muhsini kimya kimya, yeye amekubali. Mama abaki na Aidani wake. Nakuomba, dada.

Beda


Lizaboni
8 Julai 2024

Beda,

Barua yako niliipata Ijumaa, arobaini kesho yake. Niliisomea chooni. Nikatoka nikamkuta mama anachambua mchele, ule ule wa Muhsini, anatoa kijiwe kimoja kimoja. Akaniuliza nina nini, nikasema moshi wa jikoni.

Nikuambie jambo ambalo limenitisha kuliko yote. Kila kitu ndani yangu kilisema nyamaza. Tumbo lilinikata vile vile lilivyonikata kwa Calvin na vile vile lilivyonikata kaburini. Halina sauti mbili, Beda. Likiwa sawa linauma hivyo, likiwa limekosea linauma hivyo hivyo, na wewe mwenye tumbo huwezi kujua. Kaburini nilihisi kuna uongo, na kweli ulikuwepo. Halafu nikajichagulia mwongo niliyemtaka.

Mshangano watu walijaa. Baada ya misa na chakula, wanaukoo wakabaki. Baba mdogo akasimama na barua ya Muhsini mkononi, akaisoma tena. Ile sehemu ya ugali, safari hii hakucheka mtu. Akasema Jumatatu inakwenda polisi, kaburi lifukuliwe, kama kuna mwenye pingamizi aseme. Mama alikuwa kwenye mkeka, mgongo ukutani.

Ningeweza kusema "nimesamehe". Neno lilikuwa mdomoni, tamu kabisa. Wangenisifu, wangesema Justa ana moyo. Na Muhsini, mtu wa mkono mmoja, angekuwa muuaji wa Aidani mpaka siku anaingia kaburini, na wanawe baada yake. Hilo la wanawe ndilo lililonisimamisha. Mama ni wetu, uchungu wake ni wetu. Tunampaje Myao wa watu autunze nyumbani kwake?

Nikasema. Nilisema kwa kifupi, nikimtazama mama, maana niliona nikitazama pembeni nitakuwa namwambia mtu mwingine. Nikasema pia kwamba mkono wa Muhsini umevunjwa kwa mdomo wangu mimi.

Hakuna aliyelia. Egidi alitoka nje. Baba mdogo aliikunja ile barua ndogo, ndogo zaidi, mpaka ikawa haikunjiki. Nikapiga magoti nikamshika mama miguu. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mlijua wangapi?" Nikamwambia. Akasema, "Bora mngeniachia muuaji. Muuaji ningemlaani. Sasa nimlaani nani, Justa?"

Hakurudi nami Lizaboni. Yuko kule Mshangano, anakaa chumbani kwa Aidani. Nimempelekea uji leo, akaupokea kwa adabu, akauweka chini, na nilipoondoka ulikuwa umepoa pale pale. Watu wa jumuiya wamekuja kusali naye, hakuna aliyenong'ona kama ulivyoogopa, au labda wananong'ona mbali. Padre amekuja amekaa naye muda mrefu. Kaburi halitaguswa.

Usiniandikie kwamba nimefanya vizuri. Usiniandikie pia kwamba nimekosea, sitaki kulisikia kwako, wewe uliyemwambia "tutaongea kesho" halafu ukatuandikia sisi wote igizo. Nina hasira na wewe, na nakupenda, na Violet mwambie ahsante kwa soksi za mama. Njoo umwone mama. Njoo wewe mwenyewe, asikusikie kwenye simu.

Muhsini nimemwandikia. Nimemwomba radhi kadiri ninavyojua kuomba. Nikamtukana kidogo mwishoni, nikamwita mtumwa wangu, ajue bado tuko pale pale.

Dada yako,
Justa


Nakapanya, Tunduru
30 Julai 2024

Kwa Bi. Justa,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya, wewe na familia yako yote. Mimi sijambo, namshukuru Mwenyezi Mungu. Mwandiko usamehe, naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umeondolewa plasta wiki iliyopita lakini vidole bado havijakubali kushika.

Barua yako nimeipokea na nimeisoma yote. Umeniomba radhi nami nimekusamehe, wewe na wale vijana, kwa moyo mmoja. Mola atusamehe sote. Polisi sitakwenda, na mwalimu Beda nimemwambia asilizungumze tena. Kuhusu ulichokisema kwenye kikao, sikukutuma na sikukukataza. Ulikuwa mzigo mzito, nashukuru.

Utaona sikukujibu yale matusi ya mwishoni. Nilijaribu, Bi. Justa. Nilikaa barazani na karatasi nikatafuta tusi zuri la kukupa, maana najua ulinitukana ili nicheke. Halikuja. Mtani ni mtu ambaye akisema "nimeua" hakuna anayemwamini. Mimi kwenu nimeshaaminiwa. Sina kinyongo, nakueleza tu ili usikae ukingojea.

Nina safari ya Songea mwezi wa tisa. Ningependa kufika Mshangano kutoa mkono wa pole, kama hamtaona ni usumbufu. Nitapiga simu siku moja kabla ili mniambie saa inayowafaa, na sitakaa sana.

Tafadhali mfikishie mama yako mzazi shikamoo yangu.

Wako katika heshima,
Muhsini